Treni ya usiku, ndege, basi au meli? Jinsi ya kuchagua ukivuka mipaka ya Ulaya

Kabla ya kukata tiketi yoyote ya kuvuka mpaka hapa Ulaya, andika nyakati mbili kwenye karatasi: utafunga mlango wa kwako saa ngapi, na utagonga mlango wa mwenyeji wako saa ngapi. Muda unaotangazwa na shirika la ndege uache kwanza. Naishi Vienna, kazi yangu ni uuguzi, na ndugu na marafiki wanaopita kwangu wakielekea Roma, Hamburg au Zürich huniuliza swali lile lile: nipande nini? Jibu langu huanzia kwenye karatasi hiyo.

Tuchukue Vienna na Roma. Ndege iko hewani kama saa moja na dakika arobaini. Sasa ongeza safari ya kwenda uwanja wa ndege wa Schwechat, foleni ya ukaguzi, kungoja getini, kushuka Fiumicino, kungoja begi lizunguke mpaka likufikie, halafu treni ya Leonardo Express ya euro 14 inayotumia dakika 32 hadi stesheni ya Termini. Umemaliza masaa sita, na yote ni ya mchana, yale ambayo ungefanyia kazi au ungetembelea mji. Treni ya usiku ya Nightjet, ya ÖBB, shirika la reli la Austria, inaondoka Vienna jioni na kuingia Termini asubuhi. Ni masaa kumi na nne hivi, lakini manane kati ya hayo umelala, mengine umekula na kupiga soga, hukulipa hoteli, na mchana wako haujaguswa.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: treni ya usiku inafaa pale safari yenyewe inapoujaza usiku, yaani masaa manane mpaka kumi na manne. Pungufu ya hapo unaamshwa hujashiba usingizi. Zaidi ya hapo mchana unaanza kuliwa. Vienna kwenda Budapest ni masaa mawili na dakika arobaini, Prague masaa manne, Paris kwenda Brussels saa moja na dakika ishirini na kitu. Huko panda treni ya mchana, wala usianze kulinganisha. Zürich ndiyo inayonipa shida kushauri. Mchana ni karibu masaa manane na treni inapita Arlberg, katikati ya milima; usiku unafika umeokoa siku. Mgeni wa mara ya kwanza humwambia aende mchana, arudi usiku.

Ikiwa ni msiba, panda ndege. Hapo hakuna hesabu.

Bei ya tiketi na bei ya safari

Ndege ya euro 25 ipo, sikatai. Ni bei ya mtu na begi dogo linaloingia chini ya kiti. Sisi hatusafiri hivyo. Tunabeba mchele, dagaa, vitenge vya kugawa na chupa ya mafuta ya nazi ya mtu aliyeagiza tangu mwaka jana. Ukiongeza begi la kilo ishirini kwenda na kurudi, mara nyingi bei imeruka mara mbili au tatu. Halafu soma jina la uwanja, usisome jina la mji. "Paris" inaweza kuwa Beauvais, mji mwingine kabisa ulio zaidi ya kilomita 80 kaskazini. "Munich" inaweza kuwa Memmingen, zaidi ya kilomita 100 upande wa magharibi. Basi la kutoka huko lina nauli yake na ratiba yake, na ndege ikitua usiku wa manane basi limeshaondoka.

Kwenye treni hakuna mzani wala mtu wa kukumwagia mafuta ya nazi. Kuna ngazi za behewa, nyembamba na zimesimama wima, na hakuna wa kukupandishia. Begi usiloweza kulinyanyua mwenyewe hadi kifuani litakutesa.

Lakini treni haishindi kila mara. Kama mwenyeji wako anaishi karibu na uwanja wa ndege, una begi la mgongoni tu na unakwenda kwa siku mbili, ndege inakufaa zaidi. Na kipindi cha Krismasi au sikukuu za shule vitanda hupanda bei mpaka chumba cha mtu mmoja kinazidi ndege na hoteli kwa pamoja.

Kiti usinunue

Najua ndiyo bei ya kwanza utakayoonyeshwa na ndiyo inayovutia macho. Treni za usiku huuza nafasi za aina tatu: kiti, kitanda katika chumba cha pamoja, na chumba cha kulala chenye sinki lake. Kwenye kiti unaweza kukuta mko sita chumbani, magoti yanagusana, mwanga wa korido unaingia, na kila stesheni anapanda mtu na begi lake akitafuta namba. Mimi nafanya zamu za usiku wodini. Naujua mwili uliokesha unavyodai deni lake kesho yake. Ukifika Roma asubuhi ukaanguka kwenye kochi la mwenyeji mpaka saa tisa alasiri, umeokoa nini? Kama fedha haifiki kitanda, nenda na basi la mchana.

Waliopanda TAZARA kutoka Dar hadi kwetu Mbeya hawahitaji maelezo mengi: daraja la kwanza vitanda vinne, la pili sita. Vyumba vya pamoja vya huku ni vile vile, vinne au sita. Tofauti ni kwamba TAZARA hutenganisha wanawake na wanaume, huku mnachanganywa, labda uchague chumba cha wanawake peke yao. Nightjet wana chaguo hilo, lakini ni la kuteua wakati wa kununua. Dada anayesafiri peke yake nampa neno moja: lichague mapema, maana vitanda hivyo huisha haraka.

Katika chumba cha sita, kitanda cha kati ndicho kibaya kuliko vyote. Huwezi kukaa ukanyoosha mgongo. Ni kulala tu au kushuka. Cha chini ni rahisi kwa mzee au mwenye goti bovu, ila jioni nzima kitakuwa benchi la wote mpaka mkubaliane kulala. Mimi huomba cha juu. Katika mabehewa ya zamani, ukiwa juu unaona shimo la mizigo juu ya korido, sawa na usawa wa kitanda chako. Begi linaingia humo na hakuna awezaye kulifikia bila kukupanda wewe. Joto hupanda juu pia, kwa hiyo lala na fulana nyepesi. Shuka, mto na blanketi unakuta vimekunjwa, kutandika ni juu yako. Mlango una kufuli na komeo la ndani. Funga vyote viwili, na pasi, simu na fedha ziwe kwenye kipochi mwilini mwako.

Kuanzia Desemba 2023 Nightjet wameleta treni mpya, zilianza kwenda Hamburg, zenye vijichumba vya mtu mmoja: kitanda, kioo, taa, soketi ya chaja na kijimlango cha kujifungia, na kando yake kabati la viatu na mkoba linalofunguliwa kwa kadi. Kwa anayesafiri peke yake na hataki kusikia mtu akikoroma hatua moja kutoka sikioni, ni kitu kizuri. Mtu mrefu au mnene atalalamika, na mwenye woga wa sehemu za kubana asijaribu.

Familia ya watu wanne au watano, nunueni chumba kizima cha pamoja. Gawanya bei kwa idadi yenu kabla ya kuishangaa. Watoto watapanda na kushuka ile ngazi mpaka wachoke, na hakuna mgeni wa kumwomba radhi.

Chakula beba. Kwenye chumba cha pamoja asubuhi utapewa chai au kahawa na mikate miwili midogo yenye siagi na jemu. Wa chumba cha kulala wanajaza karatasi ya kuchagua jioni. Hicho si chakula cha mtu aliyekula saa kumi na mbili jioni. Chapati zilizokunjwa kwenye foili zinasafiri vizuri, na hazinuki. Samaki wa kukaanga waache nyumbani, ndugu yangu, mko sita mle ndani na dirisha halifunguki kila behewa.

Pasi yako si kama ya jirani yako

Miongozo mingi ya safari za Ulaya imeandikwa na watu wasioombwa viza, kwa hiyo sehemu hii huipita mbio. Eneo la Schengen, yaani nchi zinazotumia viza moja, sasa lina nchi 29. Croatia iliingia Januari 2023, Romania na Bulgaria zikakamilisha Januari 2025. Uswisi si mwanachama wa Umoja wa Ulaya lakini imo Schengen. Uingereza na Ireland hazimo. Mwenye pasi ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo akiwa na viza ya Schengen, au kibali cha ukaazi cha nchi mojawapo, anavuka humo bila viza nyingine, kwa siku 90 ndani ya kila siku 180 nje ya nchi iliyompa kibali. Lakini viza ya kuingia mara moja inakufa siku utakapotoka nje ya eneo. Ukienda Belgrade, Serbia, kusalimia rafiki, umeshatoka.

Kuwa ndani ya Schengen hakumaanishi hutaulizwa kitu. Ujerumani ilipanua ukaguzi hadi mipaka yake yote ya nchi kavu Septemba 2024, na treni za usiku zinazoingia huko hupandwa na polisi. Mlango unagongwa, taa inawashwa, na usishangae ukiulizwa wewe mweusi kabla ya wenzako. Pasi halisi pamoja na kadi ya ukaazi ziwe kwenye kile kipochi mwilini, si ndani ya begi lililo shimoni. Picha kwenye simu haitoshi. Toa hati, jibu kwa ufupi, rudi ulale.

Kwenye ndege shida huja mapema zaidi. Ryanair, kwa mfano, huwataka abiria wasio na pasi ya Ulaya wapitie kaunta hati zao zikaguliwe kabla ya kwenda kwenye usalama, hata kama safari ni ya ndani ya Schengen. Ile nusu saa ya foleni iandike kwenye karatasi yako.

Nje ya Schengen treni ya usiku hupoteza utamu wake mkubwa, maana mpaka unakuamsha. Ile ya Sofia kwenda Istanbul hukuteremsha Kapıkule, mpakani mwa Uturuki, katikati ya usiku upange foleni ya pasi, uwe umelipia kitanda cha aina gani. Wapenda treni wanaifurahia. Mimi ningepanda ndege.

Pasipo na treni ya usiku

Ramani za zamani za treni za usiku usiziamini. Deutsche Bahn, shirika la reli la Ujerumani, liliacha kabisa mabehewa yake ya kulala Desemba 2016, na Waaustria wa ÖBB wakachukua sehemu ya njia zile. Ndiyo maana leo Vienna ni kitovu. Njia huja na kuondoka kufuata ruzuku za serikali: Nightjet ya Vienna kwenda Paris ilianza Desemba 2021 na kufutwa Desemba 2025, baada ya Ufaransa kuondoa mchango wake. Upande mwingine, kampuni ya European Sleeper ilianza kutoka Brussels hadi Berlin Mei 2023, na Machi 2024 ikasogea hadi Prague, mara tatu kwa wiki. Ratiba za reli za bara zima hubadilika katikati ya Desemba. Safari ya Januari usiipange kwa ratiba ya Novemba.

Kwa Hispania na Ureno, sahau. Treni za kulala za Paris kwenda Madrid na Barcelona zilikoma Desemba 2013, na za Lisbon zikasimama Machi 2020, hazikurudi. Paris hadi Barcelona kuna treni ya kasi ya mchana. Kati ya Lisbon na Madrid ni ndege au basi.

Basi la usiku lina nafasi yake: mwanafunzi asiye na fedha, miji isiyo na reli ya maana, au safari ya kuamuliwa leo kwa leo wakati vitanda vimekwisha. Chagua kiti mapema, katikati ya basi, mbali na choo. Begi la chini liwe na nguo tu, kwa sababu kila kituo buti linafunguliwa na wewe umesinzia. Mpakani mnaweza kuteremshwa nyote kwenye baridi, kwa hiyo koti liwe mkononi.

Meli wengi wanaisahau. Stockholm hadi Helsinki unapanda jioni, unalala kwenye kabini, unaamkia Finland, na njiani inagusa visiwa vya Åland ili duka la ndani liuze bila ushuru. Anayekwenda Uingereza na mizigo mingi atazame meli ya usiku ya Hoek van Holland hadi Harwich; kabini ni lazima kwenye safari ya usiku, na bandarini unafika kwa metro ya Rotterdam upande wa Uholanzi, kwa treni upande wa Harwich. Treni ya Eurostar ni ya haraka, Paris hadi London masaa mawili na robo, ila ni ya mchana, na ukaguzi wa Ufaransa na wa Uingereza unafanyika pale pale stesheni kabla ya kupanda. Kwa vyovyote utahitaji viza ya Uingereza; kibali chako cha Ujerumani au Austria hakikusaidii kitu huko.

Kununua, na tarehe inayowaponza watu

Vitanda vya Nightjet kwa kawaida huanza kuuzwa miezi sita kabla, na bei huanza chini ikapanda kadiri vinavyopungua. Tiketi za bei ya chini kabisa hazirudishiwi fedha. Kama viza yako haijatoka, lipia ile inayorudishika hata kama ni ghali zaidi, kuliko kupoteza yote ubalozini.

Anayetaka kuzunguka nchi nyingi atazame pasi za reli, yaani tiketi moja ya siku kadhaa za kusafiri. Interrail ni ya wakaazi wa Ulaya, na kinachotazamwa ni ukaazi. Mkenya mwenye kibali cha Ubelgiji anainunua. Mgeni anayetoka Nairobi hununua Eurail. Safari ya usiku inakula siku moja tu ya pasi, ile ya kuondoka, mradi kesho yake usipande treni nyingine baada ya kushuka. Kitanda unakilipia kando.

Sasa tarehe. Tiketi iliyoandikwa 00:40 Jumamosi maana yake unakwenda stesheni Ijumaa usiku. Sisi tungesema usiku wa kuamkia Jumamosi, na mtu anayehesabu hivyo akisoma "Jumamosi" anakuja Jumamosi usiku, treni imeondoka karibu masaa ishirini na nne yaliyopita. Saa 19:20 ni saa moja na dakika ishirini jioni. Iandike kwa mkono pembeni mwa tiketi ya mzazi anayekuja kukutembelea.

Ukifika jukwaani tafuta namba ya behewa, si treni tu. Treni moja inaweza kubeba mabehewa ya miji miwili au mitatu, yakakatwa na kuungwa usiku kwenye stesheni kama Salzburg. Ukilala behewa la Venice na tiketi ya Roma, utaamkia Venice. Ubao wa mlangoni unaonyesha behewa linakwenda wapi.

Usipange jambo zito asubuhi ya kufika. Njia za Ujerumani zina matengenezo mengi, treni inazungushwa na kuchelewa, na hutokea behewa la kulala likaharibika mkapewa la viti. Kwa miadi ya ubalozini au ndege ya kurudi nyumbani, fika siku moja kabla. Na unapounganisha treni mbili, nunua kwenye tiketi moja, kwa sababu ukizinunua mbalimbali na ya kwanza ikachelewa, ya pili ni hasara yako.

Ukichelewa, dai. Sheria ya Umoja wa Ulaya inayotumika tangu Juni 2023 inakupa robo ya nauli ukifika umechelewa dakika 60 hadi 119, na nusu ukifikisha masaa mawili au zaidi, isipokuwa kwa majanga yasiyozuilika. Kwa ndege iliyochelewa kufika masaa matatu au zaidi fidia ni euro 250, 400 au 600 kufuata umbali, pia kama kosa halikuwa la nje ya uwezo wao. Fomu ya reli ipo mtandaoni kwa shirika lililokuuzia tiketi. Ambatisha tiketi na namba ya treni, usiache ipite miezi mitatu. Wana mwezi mmoja wa kulipa tangu uliposalimisha dai. Mara nyingi watakutangulizia vocha. Pale kwenye fomu andika namba ya akaunti yako ya benki, useme unataka fedha.